Tupeane uzoefu: mtoto anayejiona si kitu, na kijiwe kinachompokea

Baba K, Mbagala
Habari zenu wadau. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha tatu. Mwezi uliopita mama yake anafua sare, akakuta kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, mfukoni. Nilishika mkanda. Mdogo wangu akanizuia, akakaa naye nje, akamuuliza taratibu ilianzaje. Mtoto ana kigugumizi. Darasani akisimama kusoma wenzake wanamwiga. Akamwambia baba yake mdogo, "Pale kijiweni hakuna anayenicheka." Kuberi ndiyo ilikuwa kiingilio, na bangi walishaanza kumwonjesha.

Kinachonichoma ni kwamba hata mimi, akianza kuongea, nilikuwa namkatisha: "Sema haraka bwana." Miaka yote hiyo. Aliyepitia haya, kama mzazi au kama kijana, naomba aseme ukweli wake.

Mtu wa Tandale
Kaka, mshukuru mdogo wako. Mimi nina miaka 31, nimeanza na viroba, zile pombe kali za pakiti, nikiwa na 14, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017. Nilikuwa mfupi kuliko wote, na nyumbani nililinganishwa na binamu yangu kila matokeo yakitoka. "Mwenzako anasoma, wewe unajaza choo." Maneno haya nayakumbuka mpaka sauti iliyoyasema.

Nikipiga kiroba nilikuwa naongea, nachekesha, wasichana wananijua. Baadaye bangi. Kisha jamaa mmoja mkubwa akaanza kunipa sigara za bure, tamu kuliko za kawaida. Ilikuwa kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, yaani heroini, na mimi sijui. Siku aliyosafiri nikaamka mifupa inauma, makamasi yanatoka, tumbo linakata, nikadhani malaria. Kumbe arosto, mwili unadai unga. Aliporudi haikuwa bure tena. Niliiba sufuria za mama, nikaiba mpaka kitenge alichokuwa amewekea msiba.

Leo nakunywa methadone, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, pale hospitali ya Mwananyamala. Nafika kila siku, Jumapili na sikukuu, nakunywa kikombe changu mbele ya mhudumu. Wengi hawajui kuwa hiyo ni kwa wa heroini tu. Wa bangi au pombe anahitaji ushauri nasaha na watu wa kumshika mkono. Kwa hiyo mwanao akiwa bado kwenye kuberi na bangi, mkimbilie sasa. Usingoje awe teja ndipo uanze kuuliza kliniki iko wapi.

Mwalimu wa Temeke
Kwa wasichana inakuja kwa sura nyingine. Nilikuwa na mwanafunzi aliyehamia kutoka mkoani, wenzake wakawa wanamcheka lafudhi na weusi wake. Alianza na mkorogo. Halafu dada wakubwa wa mtaani wakawa wanamchukua jioni kwenda kuvuta shisha, wanamsifia amependeza. Mimi niliona ngozi inabadilika, nikamwadhibu kwa vipodozi. Sikumuuliza kitu kingine. Aliacha shule muhula uliofuata. Bado namwaza.

Bint Kariakoo
Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, kupiga ni bure. Mzazi anaweza kupiga, mtoto mwenyewe pia.

Msema Kweli
Nipishane nanyi kidogo. Mimi sikuwa mnyonge hata siku moja. Nilikuwa kapteni wa timu, kila mtu ananifuata. Nilivuta kwa sababu kiongozi hawezi kusema "hapana, naogopa" mbele ya kundi. Kwa hiyo msiwaangalie wapole peke yao. Ila nikijiuliza sana, naona hata mimi nilikuwa naogopa kushushwa.

Baba K, Mbagala
Asanteni. Mtu wa Tandale, nimesoma yako mara mbili, nikamsomea na mama yake. Kokteli nilikuwa siijui kabisa.

Shuleni nimeenda, mwalimu wa ushauri ameahidi kusimamia hilo la kuigwa. Kuberi hajaacha kabisa, sitawadanganya, juzi nimenusa. Kijiweni bado anapita akitoka shule. Ila jana usiku alitumia kama dakika nzima kunieleza gari lililopinduka Kongowe. Nilizima redio, nikakaa kimya mpaka akamaliza. Akaendelea na nyingine.