Tupeane uzoefu: siku nne za kifahari London, nini huharibu mpango hata pesa ikiwepo?

MtaaWaPili
Wakuu, jana kuna ndugu humu kauliza afunge nini kwenye begi, anampeleka mkewe London siku nne, hoteli iko Mayfair, mtaa wa kifahari. Mkamjibu koti na mwavuli, mkaondoka. Jamani, koti linauzwa kule kule! Baridi haijawahi kumkwamisha mtu mwenye bajeti hiyo. Wanaozijua safari hizi wamwage hapa mambo yenye namba: hoteli, kadi, meza za chakula, maduka, usafiri.

Nafungua mimi na saa za hoteli. Ndege za usiku kutoka Nairobi nyingi zinatua Heathrow alfajiri. Chumba kinatolewa saa tisa alasiri. Ukiandika kwenye fomu kwamba unaomba kuingia mapema, jibu huwa "itategemea nafasi", na kwenye msimu jibu hilo ni hapana iliyovaa tai. Dawa ni kulipia usiku wa kabla. Ila ukilipia, iandikie hoteli barua pepe kwamba mtafika alfajiri ya tarehe fulani, nao wajibu. Usipowaambia, ikipita usiku wa manane unahesabiwa hukutokea, na kuna hoteli zinazofuta hadi siku zilizobaki.

Kaunta_Usiku
Hilo ni kweli, lakini kinachotoa watu machozi risepsheni ni kadi. Ngoja nieleze taratibu maana kila wiki linajirudia na wa kulaumiwa tunakuwa sisi wa kaunta ya hoteli.

Mgeni akifika, hoteli haikati pesa, inazizuia. Inaiambia benki: tenga kiasi hiki, mwenyewe asikiguse. Kiasi chenyewe ni bei ya chumba kwa siku zote kama hakijalipwa, juu yake amana ya matumizi kwa kila usiku. Chukua mfano chumba cha pauni 600, usiku nne: 2,400. Amana ya 150 kila usiku: 600. Jumla zinazuiwa 3,000. Kwenye kadi ya mkopo hizo zinapunguza kikomo tu. Kwenye kadi ya ATM ni pesa zako halisi, ndizo hizo ulizopanga kulia na kununulia.

Sasa mauaji yanapotokea. Siku ya kuondoka bili imesimama 2,650. Mgeni anatoa kadi nyingine, "kata kwenye hii". Tunakata. Zile 3,000 za kadi ya kwanza tunatuma ujumbe ziachiwe, lakini wa kuziachia ni benki ya nyumbani, na benki inaweza kukaa nazo siku kadhaa, nyingine hata wiki mbili. Piga hesabu: pauni 5,650 haziguswi, na bili ilikuwa 2,650. Mtu anatoka hapo mpaka maduka ya kifahari ya Knightsbridge, mkoba umeshafungwa kwenye boksi, utepe umeshapigwa, mashine inaandika imekataliwa. Foleni nyuma inakohoa. Anarudi kwetu anafoka kwamba tumemwibia. Sisi hatuna kitufe cha kurudisha, kitufe kiko kwa benki yake.

Kwa hiyo: lipa kwa kadi ileile iliyowekewa zuio, ili bili ikatwe humohumo kwenye pesa zilizotengwa. Kadi iwe ya plastiki, jina lifanane na pasipoti. Hizi kadi za kwenye simu, za M-Pesa na wenzake, ni nzuri kwa tiketi za mtandaoni, kwa amana usizitegemee. Na kama lazima ubadilishe kadi, usiondoke kaunta bila karatasi yenye namba ya idhini ya lile zuio la kwanza. Ukiipigia benki bila namba hiyo mtazungushana.

ShangaziWaIlala
Nakazia. Kadi ileile.

Pesa_Mkononi
Ndiyo maana sisi wengine tunasema beba taslimu. Hakuna zuio wala benki.

Kaunta_Usiku
@Pesa_Mkononi ukiingia Uingereza na pauni 10,000 au zaidi unazitangaza forodha, la sivyo zinaweza kukamatwa. Na hoteli za daraja hilo zitakuomba kadi hata ukizimwaga mezani. Mabasi ya London yenyewe yaliacha kupokea taslimu 2014.

Pesa_Mkononi
Basi? Mtu wa Mayfair apande basi? Tuheshimiane.

NauliKamili
Anapanda. Kuna saa ambazo gari yako ya kukodi na basi wako foleni moja pale Piccadilly, tofauti ni kwamba wa basi katoa nauli ndogo tu (mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75) na yuko ghorofa ya juu anaona mji.

Kutoka Heathrow, kwa anayelala Mayfair, treni ya Elizabeth line inakushusha Bond Street kwa takriban nusu saa bila kubadilisha treni. Heathrow Express ni dakika 15 lakini inaishia Paddington, unaanza kutafuta teksi na mabegi, na Terminal 4 haifiki moja kwa moja. Mkiwa na mabegi manne makubwa chukueni teksi nyeusi: ina mita, bei haipandi ghafla kwa sababu mvua imenyesha, na zote zinapokea kadi. Dereva wake amefanyiwa mtihani wa kukariri mitaa yote ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya mji, kwa hiyo usimwelekeze kwa ramani ya simu, mtakosana.

Treni na basi unagusa kadi ya benki au simu. Kila mtu na yake, kadi moja haiingizi wawili. Treni unagusa kuingia na kutoka, basi kuingia tu. Kosa la kawaida: kuingia kagusa simu, kutoka kagusa plastiki. Akaunti ni ileile lakini mfumo unaona watu wawili. Mmoja kaingia hakutoka, mwingine katoka hakuingia, wote wanatozwa nauli ya juu kabisa, na kile kikomo cha kutozwa kwa siku hakijumlishwi. Watoto chini ya miaka 11 ni bure wakiwa na mkubwa, hadi wanne.

Usikodi gari la kujiendesha. Kuna tozo ya kuingia katikati ya mji, na gari linalotoa moshi mchafu kupita kiwango linaongezewa pauni 12.50 kwa siku popote London. Hapo hujalipa maegesho.

Mama_Swafi
Na zile baiskeli za magurudumu matatu zenye manyoya ya waridi na muziki unaopasua masikio, zinaegesha mbele ya kumbi za maonyesho. Bei wanayokutajia huwa ya kila mtu, au ya kila dakika, au vyote viwili. Usipande kabla hamjakubaliana jumla moja ya mwisho.

Chai ya alasiri nayo ina masharti yake. Pale hoteli ya The Ritz wanaume ni koti na tai, jinzi na raba hapana, na meza za Jumamosi zinakwisha wiki nyingi kabla. Anayekula halali asidhani kwamba kuacha vitumbua vya nyama kumemaliza kazi: jelatini iko kwenye keki laini, pombe iko kwenye krimu. Waandikie saa 48 kabla, wanakutengenezea sahani yako. Ukisema umeshakaa, utaletewa matunda na pole.

Ticha_Mstaafu
@Mama_Swafi sandwichi, siyo vitumbua.

Mama_Swafi
Umeelewa au hukuelewa, mwalimu?

DukaniTu
Msisahau kukusanya risiti mrudishiwe kodi uwanja wa ndege. Asilimia 20 si mchezo!

Kaunta_Usiku
Hiyo ilikufa. Kuanzia Januari 2021 mgeni anayebeba mzigo mwenyewe kutoka London harudishiwi VAT.

DukaniTu
Mbona shemeji yangu kila mwaka anarudishiwa?

Kaunta_Usiku
Muulize kama anapitia Paris na kununulia kule.

DukaniTu
... Anapitia Paris.

NauliKamili
😂😂 Kinachowezekana London ni duka lenyewe kukusafirishia mzigo hadi nyumbani bila VAT, kama linatoa huduma hiyo. Ila forodha ya JKIA Nairobi au ya Dar itakusubiri na ushuru wake, kwa hiyo fanya hesabu kwanza. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au pauni, chagua pauni. Ukichagua shilingi, bei ya kubadilishia wanapanga wao.

Fundi_Kitenge
Kwa wazee wa suti: Savile Row, mtaa wa mafundi suti, ndani ya siku nne hushoni suti. Ile ya kukatiwa patani yako mwenyewe inaanza na vipimo, kisha kujaribu ikiwa na nyuzi za muda, kisha kujaribu tena, na kwa jumla ni miezi. Ukiambiwa iko tayari Ijumaa, umeuziwa iliyoshonwa tayari ikapunguzwa. Si vibaya, mradi ulipe bei ya hiyo. Kinachowezekana ni kununua iliyo tayari siku ya KWANZA, mikono na suruali vifupishwe, uichukue siku ya tatu. Mabega yasipokaa, iache, bega halirekebishiki kwa bei ya maana.

Pesa_Mkononi
Fundi wangu Kariakoo anatoa siku mbili.

Fundi_Kitenge
Na inaonekana.

BintiMalindi
Jumapili! Maduka makubwa yote yana saa sita tu za kuuza kisheria, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mengine yanafungua mlango nusu saa mapema, unatazama, lakini mashine za malipo zimelala. Jumapili ya Pasaka yamefungwa kabisa. Migahawa ya nyota za Michelin nayo mingi inapumzika Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo meza kubwa iweke Jumatano hadi Ijumaa, tena mchana: jiko lilelile, menyu fupi, bei chini sana.

Na asithubutu mtu kupanga tarehe 25 Desemba bila kujua: siku hiyo hakuna treni ya chini wala basi la mji. Mwezi huo jua linazama kabla ya saa kumi jioni, matembezi yote yawe asubuhi. Juni ni kinyume, saa tatu usiku bado kweupe.

MwanaWembley
Mnakula hotelini siku nne kwenye mji wenye lugha zaidi ya 300? Edgware Road Walebanoni, Green Lanes Waturuki, Brixton Wakaribi, Peckham Wanaijeria, Southall Wapunjabi (na Southall iko kwenye Elizabeth line ileile ya uwanja wa ndege). Ealing Road, Wembley, ndiyo yetu: Wahindi waliotoka Kenya na Uganda, wa Uganda wengi baada ya Amin kuwafukuza 1972, walibeba jiko lote. Mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, mishkaki, kuku wa bizari.

Ticha_Mstaafu
Nauli yote hiyo nikale mihogo?

MwanaWembley
Siku ya tatu utaitafuta mwenyewe.

ShangaziWaIlala
Ada ya huduma ya asilimia 12.5 kwenye bili, je, ni lazima?

Mama_Swafi
Si lazima ikiandikwa ni ya hiari, unaomba itolewe. Huduma ikiwa nzuri iache, ndiyo bahshishi yenyewe, usiongeze nyingine juu.

Pesa_Mkononi
Mimi siachi.

Kaunta_Usiku
Tangu Oktoba 2024 sheria inataka iende yote kwa wafanyakazi. Usiwanyime kwa hasira za mwenye mgahawa. Afadhali hasira uelekeze kwenye bei ya chumba: zipo hoteli za kifahari zinazotangaza bei kabla ya VAT, na zipo zinazoongeza asilimia tano juu ya chumba. Soma mstari wa chini kabla ya kubonyeza.

MtaaWaPili
Plagi?

NauliKamili
Ni za pini tatu kama za Bongo, Kenya na Uganda. Wa Kigali, Bujumbura na Kongo ndio wabebe adapta.

Pesa_Mkononi
Haya, kadi nimekubali, msinichoshe. Naiomba lini, kabla ya viza au baada?

Kaunta_Usiku
Kabla haijatoka. Viza unaruhusiwa kuomba hadi miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida ni kama wiki tatu baada ya alama za vidole. Benki zetu kwa kadi ya mkopo zinaweza kukuzungusha muda huohuo. Vyote vianzishe wiki ileile, hoteli chagua bei inayofutika bila faini, na meza za chakula ziweke siku viza inapotoka. Meza nyingi zinataka kadi pia, mkuu, usipotokea wanakukata kwa kila kichwa.