Hadithi ya Kijaluo kwenye jarida la shule: nifanyeje?

Mwalimu wa Siaya
Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja huku Siaya, Kenya, na nasimamia klabu ya uandishi. Kwetu ni Kiingereza Jumatatu hadi Alhamisi, Ijumaa Kiswahili. Kijaluo hakina siku. Anayeponyokwa na neno la Kijaluo huvishwa diski, kibao cha aibu, shingoni.

Muhula uliopita msichana wa kidato cha pili aliniletea ngano ya nyanya yake. Kiingereza safi, hadithi imekauka, mwisho kaandika "The end". Nikamwuliza nyanya humaliza vipi. Akatazama mlangoni kwanza, kisha akaninong'oneza: "Thu tinda." Hivyo ndivyo ngano za Kijaluo hufungwa. Nikamwambia aiandike alivyoisikia. Alirudi na kurasa sita: fisi anabembeleza, nyanya anakatiza hadithi ili afukuze kuku. Sijasoma kazi nzuri kama hiyo mwaka huu. Naibu wa mwalimu mkuu akaitoa jaridani, eti wazazi wanalipia Kiingereza. Nitaiteteaje bila mtoto kuumia?

Mzee wa Chaki
Mwalimu, usianze na Katiba, ingawa kifungu cha 7 kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Anza na vikombe vya muziki. Kama shule yenu huenda tamasha la muziki, wanafunzi huimba nyimbo za kiasili kwa lugha zenyewe na walimu hushangilia. Iweje wimbo uruhusiwe, hadithi ikatazwe? Halafu chapisheni kurasa mbilimbili: Kijaluo kushoto, Kiingereza kulia. Mzazi atakiona alicholipia.

Mama Same
Pole mwalimu. Huku Tanzania watoto wanatoka shule za msingi za Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza wanageuziwa Kiingereza. Mimi rasimu ya kwanza napokea kwa lugha yoyote, hata Kipare kilichochanganywa na Kiswahili, na sigusi tahajia. Mtoto anasoma kwa sauti, wenzake wanamwuliza maswali, ndipo anachagua lugha ya nakala safi. Wengi huchagua Kiingereza, na safari hii kina nyama. Je, una asiye Mjaluo?

Mwalimu wa Siaya
Yupo mmoja, Mteso wa Busia. Alitusomea nusu ukurasa wa Kiteso, akafika mahali akacheka peke yake. Klabu nzima ikamsihi atufasirie.

Asanteni sana. Vikombe vya nyimbo viko ofisini kwa naibu mwenyewe, nyuma ya kiti chake. Naenda Jumatatu na lile daftari la hadithi. Msichana nimemwomba ruhusa leo. Amekubali, ila anataka kwanza aninakilie ukurasa wa tatu, umechafuka chai.