Nyasi za pampasi zinaoza katikati kwenye udongo mweusi, nifanyeje?

Ploti50kwa100
Hamjambo wadau. Niko Kitengela, ukuta wa nyuma ni wa mawe, urefu mita 15. Nataka nyasi ndefu za urembo, kimo cha mtu au zaidi, ziufiche. Udongo ni ule mweusi: masika unashika buti, kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia. Pampasi tatu za nasari zilipandwa kwenye mashimo ya futi mbili yaliyojazwa mchanga na samadi. Mbili zimegeuka kahawia katikati, ukivuta jani linachomoka na linanuka. Ya tatu ni nzima ila imelala. Tatizo ni nini, na nibadilishe aina?

Mzee wa Matuta
Tatizo ni shimo. Udongo mweusi haupitishi maji, kwa hiyo shimo lenye mchanga huwa karai: maji ya mvua kutoka pande zote hukusanyika humo na hayana pa kutokea. Pampasi huvumilia udongo mzito, lakini kitovu chake, pale majani yanapokutana na mizizi, kikikaa majini kinaoza.

Usichimbe, inua. Fanya tuta la upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 30, mita 1 kutoka ukutani. Tumia udongo huohuo wa hapo, ukichanganya wilibaro moja ya samadi iliyooza kwa kila mita 2 za tuta. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Panda kitovu kikiwa sentimita 2 au 3 juu ya usawa wa udongo, maana tuta litashuka likikolea maji. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 ili udongo usipasuke na kukata mizizi, ila ziache mbali na kitovu kiganja kizima.

Nyasi na Maua
Hiyo iliyolala, angalia mambo mawili: mbolea na kivuli. Ukimwaga yurea au samadi nyingi, majani yanakimbia kurefuka yakiwa laini, upepo wa kwanza unayalaza. Kijiko kimoja cha mezani cha mbolea ya CAN kwa shina, mvua zikianza, kinatosha mwaka mzima. Kiweke sentimita 20 kutoka kitovuni. Kama ukuta unaikinga jua nusu siku, itaegemea upande wenye mwanga daima, na hakuna mbolea itakayoinyoosha.

Mkulima Vetiva
Kwa ukuta mimi ningeshauri nyasi ya vetiva. Haina manyoya ya kifahari kama pampasi, lakini inasimama wima, inafika mita 1.5 hadi 2, inavumilia maji yaliyotuama na ukame vilevile, na mizizi yake hushuka chini moja kwa moja badala ya kutambaa. Isichovumilia ni kivuli.

Nunua mashina, uyapasue mwenyewe. Kila kipande kiwe na machipukizi 2 au 3. Kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, kisha panda kwa nafasi ya sentimita 15. Mita 15 ni vipande 100. Ongeza 10 vya kuziba mapengo. Panda mvua zikishakolea, si kabla. Mvua ikikatika mwezi wa kwanza, mwagilia kila siku ya pili au ya tatu. Pengo lisilozibwa msimu huohuo halizibiki vizuri tena, majirani wake hulinyima jua.

Ukitaka urembo, weka pampasi mbili tu pembeni, mita 2 kutoka kwenye mstari.

Nyasi na Maua
Naunga mkono, kwa sharti: manyoya ya pampasi yakatwe kabla hayajaanza kupeperuka. Mbegu zake huenda mbali na upepo, na Afrika Kusini imekuwa gugu sugu. Vaa glovu nene na mikono mirefu, kingo za majani zinakata kama wembe.

Ploti50kwa100
Asanteni sana. Nyumbani wanahofia nyoka. Na kukata ni lini?

Mzee wa Matuta
Mwisho wa Februari, kabla ya mvua za masika. Funga shina kwa kamba usawa wa kiuno, kisha kata chini ya kamba: vetiva ibaki sentimita 30, pampasi vilevile. Furushi lote linatoka mara moja bila kutawanyika. Usichome moto, unaweza kuua kitovu.

Nyoka hufuata panya, na panya hufuata majani makavu yaliyorundikana chini. Chambua hayo kila baada ya miezi mitatu. Ndiyo pia yanayoita mchwa. Usitegemee mchaichai kufukuza nyoka.

Baada ya miaka kadhaa katikati ya pampasi panaweza kufa hata ukitunza vizuri. Ikitokea hivyo, mvua zikianza, ing'oe, ipasue kwa panga mara nne, tupa kiini, panda vipande vya nje tu, kila kimoja kikiwa na machipukizi yasiyopungua 4. Hizo mbili zilizooza zikague leo: kama ukingoni kuna machipukizi meupe magumu, yanaokoleka kwa njia hiyohiyo.