Mjadala: Jiko la chakula cha bure mwaloni Kibirizi, tulikubali?

Wana Kigoma, hoja ni hii: wafadhili wakitaka kufungua jiko la bure karibu na mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, tuwapokee au tuwakatalie? Wanaokataa husema ukimlisha mtu bure unamlemaza. Mimi nasema wapokelewe, ila kwa masharti.

Njaa ya mwaloni ina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi inakaa nchi kavu. Siku hizo anayekosa riziki si mvuvi peke yake, bali na mbeba mizigo na mama anayeanika dagaa. Mwaka 2024 ikawa zaidi: Serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ziwa lilihitaji, sipingi. Lakini kibarua wa kutwa ale nini miezi 3? TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, ulilipa kaya zilizokwisha kuandikishwa. Aliyekuwa akijitosheleza hadi Mei 14 hakuwamo. Kumwita huyo mvivu ni kumwonea. Giza likirudi, yuko majini usiku kucha.

Hoja inayonigusa ni ya mama lishe. Sufuria ya bure ikiwekwa jirani na genge lake, yeye ndiye atakayelala njaa. Kwa hiyo jiko jipya lisijengwe kabisa. Wahitaji wapewe kuponi, wale kwa mama lishe haohao, ugali wa muhogo na maharage ya mawese, mfadhili alipe jioni. Hela inabaki Kibirizi, na mhitaji anakaa benchi moja na wengine bila kunyooshewa kidole. Ujiji tunafuturishana kila Ramadhani, na sijasikia aliyeambiwa amelemaa.

Sharti lingine ni muda. Ufaransa, mchekeshaji Coluche alianzisha Restos du Cœur mwaka 1985 kuwavusha watu kipindi cha baridi. Hadi leo bado wanagawa chakula, maana sahani haiondoi umaskini uliomleta mtu mezani. Kuponi zitoke wakati wa mbalamwezi na ziwa likifungwa, basi.

Ninapokwama ni kwenye orodha. BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, inawajua wavuvi wake, mwenyekiti wa mtaa anazijua kaya, na upendeleo unaweza kuingia kote kuwili. Ninyi wa Kibirizi na Mwanga, mngemkabidhi nani kalamu?