Kunyoosha Kiingereza kwa AI kwenye paper: ni wizi?

Mtafiti Njaa: Wakuu, data nimekusanya mwenyewe, uchambuzi wangu, ila Kiingereza nimeipa ChatGPT ininyooshee. Nikituma kwenye jarida bila kusema nimekosea? Jamaa wa ofisini kaniita mwizi.

Daktari Mkali: Jarida la Nature walishasema tangu Januari 2023, AI haiwi mwandishi maana haiwezi kuwajibika, na ukiitumia unataja. Sentensi moja tu inakushinda? Mnaoficha ndo mnatuletea mambo ya panya.

Chalii: panya gani tena 😂

Daktari Mkali: Februari 2024, jarida la Frontiers. Paper ina panya wa kuchorwa na Midjourney, AI ya kuchora picha, sehemu za siri kubwa kuliko mwili, maandishi hayasomeki, na bado ikachapishwa! Ikafutwa ndani ya siku chache.

Bi Mdogo: Wale walitaja Midjourney mkuu, hawakuficha kitu. Na hao hao Nature wanasema kama ni kunyoosha lugha tu si lazima kutaja. Soma kwanza ndo ufoke.

Daktari Mkali: Sifoki. Nimehakiki paper kabla hujamaliza form six.

Kamau: Mnasumbuka bure. Huku Kenya watu wameandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza assignment miaka mingi kabla ya hiyo ChatGPT na wenye kulipa wakapata digrii zao. Tuseme ukweli, nyinyi wabongo shida yenu ni Kizungu tu.

Bi Mdogo: Yaani unajisifia kufanyia watoto wa watu homework?? Na hicho Kizungu chenu hakiwasaidii, 2023 watu wa Stanford walizijaribu zile programu za kunasa AI, insha za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, walizoandika watu wenyewe, wageni wa lugha, zaidi ya nusu zikaambiwa ni za mashine. Kwa hiyo na wewe utaitwa roboti tu.

Kamau: Sisi si wageni wa lugha dada.

Chalii: hahaa mwana wa Malkia kaongea

Kamau: Angalau mimi reviewer hajawahi kuniambia "tafuta mzawa akusomee"

Mtafiti Njaa: Mimi nimeambiwa. Mara mbili. Na kampuni za kuhariri zinalipisha dola.

Chalii: si muandike Kiswahili yaishe

Daktari Mkali: Andika wewe, uone kama watakupandisha cheo.

Chalii: Jarida la Mulika si lipo pale chuo kikuu Mlimani miaka yote

Mtafiti Njaa: La lugha na fasihi hilo kaka. Nipeleke malaria yangu huko?