Naomba ushauri: kutoa insati za alumini kwenye mishale ya kaboni

Wakuu, mishale yangu ya kuwindia ni ya kaboni, na insati zake (kile kichuma cha ndani ambamo ncha hukazwa) ni za alumini, nyepesi mno kwangu. Nataka za shaba ya njano ili uzito usogee mbele. Lakini uzito huo huufanya mshale ujipinde zaidi unapoachiwa. Nitafute mishale migumu zaidi?

Kuzitoa ndiyo kazi. Zimegandishwa kwa epoksi. Najua ukikaza ncha kuukuu ukaipasha moto, joto hufika kwenye gundi, ila kaboni ikizidiwa inaharibika, na mshale wenye ufa unaweza kukupasukia mkononi. Maji ya moto yanatosha, au hayo ni kwa gundi ya kuyeyusha tu?