Kontrola moja ya mota inazimika roboti ikigonga, kisha inawaka yenyewe

waya_mweusi
Roboti ya FRC (mashindano ya roboti ya wanafunzi), mota nne za NEO, kontrola ni SPARK MAX. Moja ya kushoto hukatika nusu sekunde hivi tukigonga ukuta, halafu inarudi. Tatu nyingine nzima. Kontrola tumebadilisha, tatizo liko palepale. Tuanzie wapi?

fundi_breka
Betri iacheni. Volti zingekuwa zinaporomoka, mota zote zingekatwa pamoja: kompyuta ya roboti, roboRIO 1, hukata kwenye volti 6.3, roboRIO 2 kwenye 6.75 isipobadilishwa. Hapa fuateni njia ya kontrola hiyo peke yake. Sukumeni breka yake ya ampea 40 (ile ya kukata umeme ukizidi) mpaka ndani kabisa. Hizi za kuchomeka huonekana zimekaa kumbe zinaning'inia. Halafu vuteni kila waya kwenye teminali. Uliochunwa mfupi, kibano huuma plastiki badala ya shaba, nao hushika vizuri tu hadi siku ya kugongwa.

Kipimo: mota ikivuta ampea 40, waya wa 12 AWG (kipimo cha unene) wa mita moja, kwenda na kurudi, hupoteza kama volti 0.4. Mkiona volti moja nzima imepotea, kuna kiungo kibovu.

taa_inapepesa
Kabla ya kufungua chochote, tazameni taa ya kontrola. Ikizimika kabisa, umeme umekatika. Ikiendelea kupepesa, umeme upo, kilichopotea ni mawasiliano ya CAN (nyaya zinazopeleka amri kwa kontrola), na hapo breka mtaipapasa bure. Inyanyueni roboti magurudumu yaelee, mmoja atikise nyaya kwa kijiti cha plastiki, mwingine asitoe macho kwenye taa.

Jingine: mipangilio ambayo haikuhifadhiwa ndani ya kontrola hupotea ikizimika. Inaweza kuwaka ikizungusha mota kinyume na mwenzake, mkadhani giaboksi imekufa.

waya_mweusi
Taa inazimika kabisa. Ni waya hasi, upande wa teminali ya kusambaza umeme wa betri. Tulikuwa tunavuta nyekundu tu! Tuupake risasi ya kulehemu ushike?

fundi_breka
Hapana. Risasi hulegea taratibu chini ya mgandamizo wa kibano, na waya hukatika pale risasi inapoishia. Kateni ncha hiyo, chuneni upya kwa kipimo cha mwongozo wa kifaa, bila kuacha nyuzi nje. Acheni ulegevu kidogo kisha fungeni waya kwenye fremu karibu na teminali, mshtuko uishie kwenye fremu. Na ule wa kontrola ya jirani uliochunwa siku ileile, ukagueni pia.